Shukrani kwa Mliosimama na Mama Yetu

Familia inatoa shukrani za dhati kwa wote mliotushika mkono tangu asubuhi ile mama alipoamka upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifumbi, maji yakimtoka mdomoni akisukutua. Sote tulidhani ni kiharusi. Daktari alipoona hata paji la uso halikunjiki upande ule, na mkono na mguu vina nguvu zake, akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso uliopooza. Akamwanzishia prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa huo, siku ileile, maana hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Tukamshukuru Mungu, tukidhani gumu limepita.

Kumbe gumu lilikuwa kutazamwa. Mama aliacha kwenda ibadani, akala peke yake chumbani, akafunika vioo vyote kwa shuka. Akitabasamu mdomo ulivutwa upande mmoja, watu wakaona kama anawabeza, basi akaacha kutabasamu. Mjukuu akamuuliza, “Bibi, umenikasirikia?” Usiku ule alilia hadi alfajiri. Waliomwambia “huo si ugonjwa wa kufa” walitaka kumfariji, tunajua, ila neno hilo lilizidi kumfungia ndani.

Jirani yetu wa mlango wa pili, tukushukuruje? Ulikuja kila jioni, ukaketi upande uleule uliopooza, ukapiga naye soga macho kwa macho, wala hukumwambia ajikaze. Mtaalamu wa fiziotherapia, wewe ndiwe uliyefunua kioo cha kwanza, ukafanya naye mazoezi polepole bila kumkimbiza. Na mnasihi aliyetufahamisha kwamba huzuni ile nayo hutibiwa, Mungu akuzidishie.

Tunawashukuru pia madaktari, wauguzi, mchungaji na wazee wa kanisa, wanakwaya, wafanyakazi wenzake, ndugu wa karibu na wa mbali, mliochanga, mliopiga simu, mliokesha mkiomba. Mliofika mkaukuta mlango umefungwa, mtuwie radhi sana. Hakuwa na uwezo wa kuonana na mtu.

Kwa neema ya Mungu uso umerejea kwa sehemu kubwa. Jicho bado hujifumba kidogo anapotafuna, na siku nyingine moyo humwinamia, lakini amerudi kwaya na amekubali kupigwa picha.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Tuliowasahau, na hakika mpo wengi, tusameheni. Mungu aliyewaona awalipe. Amina.