Asante dada nesi wa zamu ya usiku
Jamani naomba nimshukuru hadharani nesi mmoja ambaye hata jina sikumuuliza. Mzee wangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, usiku ule hewa chafu, ile kabonidayoksaidi, ilimjaa kwenye damu mpaka akawa anasinzia hovyo, daktari akasema awekwe mashine ya kupumulia ya maski, bila mpira kooni. Mzee akawa anaing'oa, anasema inamkaba.

Huyu dada hakumfokea. Alishusha presha ya mashine kwanza, akamshikia maski kwa mkono wake mwenyewe, "vuta taratibu baba, mashine itakusukumia", alipozoea ndo akafunga mikanda tena bila kubana sana, akabandika plasta laini juu ya pua pasichubuke halafu akapandisha presha kidogo kidogo. Mi nilitaka oksijeni iongezwe, akanielewesha kwamba kwa wagonjwa kama mzee wanalenga oksijeni kwenye damu iwe asilimia 88 mpaka 92, ikizidi hapo, ile hewa chafu inaweza kupanda. Sikulijua kabisa hilo!

Asubuhi kipimo cha damu kikaonyesha hewa chafu imeshuka, mzee akaniita jina langu. Wenye wagonjwa kwenye mashine hizi kaeni karibu, washikeni mkono. Dada, Mungu akubariki sana.