Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Muda wa kudumu wa vyombo vya umeme vya nyumbani

Feni ya mezani niliyoinunua Kariakoo imekufa kabla ya kutimiza mwaka, nami niliipeleka kwa fundi nikiamini kwamba tatizo ni bushi au kapasita, vitu ambavyo katika feni za wazazi wetu vilibadilishwa kwa gharama ndogo na feni ikaendelea kuzunguka kwa miaka. Fundi aliigeuza, akanionyesha kwamba mota imezibwa kiwandani pasipo skrubu hata moja, hivyo hawezi kuifungua bila kuivunja. Alinishauri ninunue nyingine.

Shirika lako hukagua usalama wa bidhaa hizi, na ninaishukuru kazi hiyo, kwa kuwa pasi yenye shoti huua. Lakini feni yangu ilikuwa salama siku niliyoinunua. Kilichokosekana ni uimara, na boksi lake halikusema kama inafunguka wala vipuri vyake vinapatikana wapi. Mwenye kipato kidogo, asiye na kipimo kingine ila bei, hununua mara tatu kitu ambacho kingemtosha mara moja.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Feni yangu nayo itaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, au kwa vijana wa chuma chakavu, ambao huchoma plastiki ili wapate shaba ya ndani, na moshi huo huwaingia wao kwanza. Friji ni hatari zaidi, kwani kilo moja ya R134a, gesi ya kupozea iliyomo katika friji nyingi, ikivuja hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa.

Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa friji wawe na vipuri kwa angalau miaka 7, na wa mashine za kufulia kwa miaka 10. Ninaomba viwango vyetu vidai jambo kama hilo, kuanzia feni, pasi na blenda: vifungwe kwa skrubu za kawaida, na boksi lieleze vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 haiwezi kushindwa na skrubu.

Feni hiyo bado ninayo, na niko tayari kuileta ofisini kwenu Ubungo ili wataalamu wenu wajaribu kuifungua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam