Risala ya Kwaya ya Watoto wa Nyalenda, Kisumu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wa eneo letu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, walimu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa,

Kwa niaba ya watoto waliosimama mbele yako, walimu wao na kamati ya wazazi, tunakukaribisha Nyalenda na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya shughuli zako nyingi, na licha ya jua la Kisumu la saa nane ambalo halimhurumii mtu.

Mheshimiwa, kwaya hii haikuanzishwa na shirika wala kanisa lolote. Ilianza wakati wa likizo, wazazi wachache walipochoka kuwaona watoto wakizurura mitaani kutwa nzima, wakamwendea mwalimu mmoja mstaafu na kumwomba awafundishe kuimba. Watoto wa mwanzo walienea kwenye mabenchi mawili. Kinanda hakikuwapo, na mwalimu alitoa do, nota ya kuanzia, kwa kinywa chake mwenyewe. Leo ukumbi hauwatoshi, na imetulazimu kuwagawa, wadogo wakifanya mazoezi Jumamosi asubuhi na wakubwa alasiri. Hatuulizi mtoto anasali wapi, anasoma shule gani wala kwao wanasema lugha gani. Waluo, Waluhya, Wakisii na Wanubi husimama safu moja, na mazoezi huendeshwa kwa Kiswahili.

Tukiulizwa tunajivunia nini zaidi, jibu letu ni kwamba watoto hawa wanasoma muziki ulioandikwa. Kwaya nyingi hufundishwa kwa kukariri, mwalimu akiimba mstari na watoto wakimfuata hadi ukae kichwani. Njia hiyo ina wepesi wake na hatuibezi, lakini mtoto aliyekaririshwa hubaki akimtegemea aliyemkaririsha. Sisi tulichagua sol-fa, mfumo ambao John Curwen aliueneza nchini Uingereza katika karne ya 19 na ambao wamishenari waliuleta huku kwetu. Hauhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Chaki na ubao vinatosha, kila nota ikiwa na herufi yake na ishara yake ya mkono. Mwanzoni baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanakwenda mazoezini kupunga mikono badala ya kuimba. Sasa mtoto wa darasa la tano hupewa wimbo asioujua, akautazama kimya, kisha akauimba sauti yake bila kuyumbishwa na mwenzake anayeimba sauti nyingine.

Jambo la pili ni namna tunavyozitunza sauti zenyewe. Sauti ya mtoto ni nyembamba, na kosa linalofanywa mara nyingi, hata na walimu wenye bidii, ni kuwaanzishia watoto wimbo chini mno kisha kuwahimiza wapaze kama watu wazima, hadi mishipa ya shingo itokeze. Hapa tunaanza juu kidogo na kuimba kwa ulaini, ingawa msikilizaji aliyezoea vipaza sauti vya harusi anaweza kudhani watoto wana njaa. Zamani, wavulana walipobaleghe na sauti zikaanza kukwaruza, walionea haya sauti zao wakatoroka kimyakimya. Siku hizi tunawaeleza mapema kwamba hali hiyo itakuja, tunawaepusha na nota za juu na kuwashusha sauti ya tatu, na wengine hushika ala hadi sauti zao zitulie. Kwa hivyo wale vijana warefu walio safu ya nyuma, Mheshimiwa, hawakusimama pale kupamba jukwaa.

Kuhusu ala, tuna orutu, ile fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, kayamba na ngoma za isukuti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kwetu inalindwa pia na watoto wa Kiluo wanaoipiga, huku mtoto wa Kiluhya akikwaruza orutu. Nyatiti, yenye nyuzi nane, tunayo moja tu. Kwa mila ilikuwa ala ya wanaume. Wanaoing'ang'ania hapa ni wasichana.

Mheshimiwa, hatuna makombe ya kukuonyesha. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, watoto wetu hushindana wakiwa wamevaa sare za shule zao, na kombe likipatikana huenda kwenye kabati la mwalimu mkuu. Wako wazazi wanaoona tunanyimwa haki yetu. Kamati haioni hivyo, kwa sababu walimu wa muziki wa shule za jirani wanatujua, na msimu wa tamasha ukikaribia wao ndio hutuomba tuwaongezee watoto hawa mazoezi.

Wimbo wa taifa watauimba leo kwa sauti tatu. Wamefundishwa kwamba wimbo huo, uliotayarishwa na jopo la wanamuziki watano mwaka 1963, ulichukua lahani yake kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na tangu walipoyajua hayo hatujalazimika tena kuwakataza kuupayuka.

Changamoto hazikosi. Nauli ya kwenda kuimba nje ya mtaa hutoka mifukoni mwa wazazi, na ngoma zetu hulegea ngozi kwa unyevu kwa kuwa hatuna stoo. Lakini kubwa kuliko zote ni bati. Kisumu hunyesha alasiri, na mvua ikipiga paa la ukumbi huu usio na dari, mwalimu hasikii do wala soh, na kundi la wakubwa hukaa tu kwenye mabenchi likingoja hadi giza linapoingia na kila mmoja kutakiwa nyumbani. Katika msimu wa masika kundi hilo hupoteza Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie kupata dari. Fundi wa mtaa amekwisha kupima ukumbi, wenye ukumbi wameturuhusu kwa maandishi, na wazazi wamejitolea kufanya kazi ya mikono. Tunachokosa ni mbao na vibao vya kufunikia. Tumesikia kwamba ulikuwa unafikiria kutununulia sare mpya. Tunashukuru kwa dhati, ila tungependa dari itangulie, kwani sare za zamani bado zinavalika.

Karibu sasa uwasikilize watoto.

Ni sisi wako,
Wanakwaya, walimu na kamati ya wazazi,
Nyalenda, Kisumu.