Dua yako si kazi ya serikali

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shangazi yako kaniambia umeanza vizuri shule huko Columbus. Ila neno ulilosema kwenye simu limenikaa: kwamba shule za Marekani zimemkataa Mungu, maana hakuna dua ya asubuhi wala kipindi cha dini kama huku Tanga, sheikh na padri wanapoingia shuleni, kila mmoja na wanafunzi wake.

Hapana, mama. Zamani dini ilikuwemo darasani, tena ya wenye nguvu. Philadelphia watoto walisomewa Biblia ya Kiprotestanti. Wakatoliki walipoomba wa kwao wasome tafsiri yao, fitina ikakua, na mwaka 1844 mji ukawaka. Makanisa yakachomwa, watu wakauawa. Na hao wote ni Wakristo! Wewe ungesomewa nini?

Baadaye, huko New York, wakuu wa elimu wa jimbo walitunga dua ya maneno 22, laini, ya kumridhisha kila mtu, isomwe kila asubuhi. Wazazi wachache wakaenda mahakamani. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ikasema kutunga dua si kazi ya serikali. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu ile, aliwahi kufundisha watoto dini kanisani kwao. Hakuwa adui wa dini. Alisimama kwenye Katiba, ambayo tangu 1791 inaikataza serikali kusimika dini, na papo hapo inaikataza kumzuia mtu kufuata yake.

Hilo la pili lishike sana. Mwaka 1943, vita vimepamba moto, mahakama hiyohiyo iliwapa haki watoto wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kukataa kuisalimu bendera. Miaka mitatu nyuma ilikuwa imeamua kinyume.

Basi swala usiiache. Iko sheria ya mwaka 1984: sekondari ya serikali ikiruhusu vikundi vya wanafunzi visivyo vya masomo, haiwezi kukikataa kimoja kwa kuwa ni cha dini. Tafuta wenzako, mwende kwa mkuu wa shule kwa adabu, mwombe chumba cha kuswalia adhuhuri wakati wa chakula. Mwalimu msimtake awaongoze, hilo haruhusiwi. Mkikataliwa, mwambie shangazi awaandikie barua, na unipigie siku hiyohiyo.

Mama yako