Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanamaabara, wageni wetu, nanyi mliosimama mlangoni ilhali viti vipo,

Hamjambo. Nilipoingia ukumbini hapa Ngara, Nairobi, saa tatu asubuhi nilihesabu watu 9, mmoja wao mwenye ukumbi. Sasa ni saa tano na tumefika 34, katika wanachama 126. Akidi ni 42. Kwa kuwa mkutano wa kwanza ulivunjika, katiba yetu inaturuhusu kuendelea na waliopo, nami naendelea.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tarehe 15 Aprili tuliadhimisha Siku ya Wanamaabara. Fulana zilitosha, ila wanene walilalamika. Mafunzo ya alama za kuhuisha leseni yalifanyika mara tatu. Tulifiwa na wazazi wa wanachama wanne, tukaenda mazishi yote. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma, ulioisha tarehe 8 Mei, uliwamwagia kazi wenzetu wa maabara binafsi hadi wengine wakalala kwenye viti vya wagonjwa. Yakaja mafuriko ya Aprili, kisha maandamano ya Juni. Kwa miezi hiyo simlaumu mtu kwa kutohudhuria. Lakini Septemba hakukuwa na mvua wala vitoa machozi, na mlikuja 11.

Sasa nije kwa lile lililowatoa wengi kitandani leo: shilingi 108,300 za mfuko wa maafa, zilizotumika kuwachanja wenzetu homa ya ini B, na ambazo baadhi yenu mnasema nilizitoa kinyume cha katiba.

Mwezi wa Aprili mwanachama wetu kijana, anayewatoa wagonjwa damu ya kupimwa katika maabara ndogo upande wa Eastlands, alijichoma sindano akiirudishia kifuniko. Tusimcheke. Kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, na sote tulifundishwa kwamba kikifika robo tatu kinafungwa. Mwajiri alimwambia ajipanguse kwa spiriti arudi kwenye foleni. Alinipigia simu saa mbili usiku akiwa kituo cha matatu, akilia. Nilimchukua kwa gari langu, mafuta yangu, sijadai chama hata senti. Dawa za kuzuia VVU zafaa zianze ndani ya saa 72. Yeye alianza usiku uleule, akazinywa siku zote 28.

Kilichoninyima usingizi ni swali la muuguzi: umechanjwa homa ya ini B? Hakuwa amechanjwa. Nyinyi ni watu wa maabara, lakini acha niwakumbushe. Ukichomwa sindano yenye VVU, hatari ni kama watu 3 katika 1,000. Ikiwa ya homa ya ini B, nawe hujachanjwa, huweza kufika 30 katika 100. Tena kirusi hicho hukaa hai juu ya meza kavu hata siku 7, meza ileile tunayofunulia mandazi tukidhani hakuna anayetuona. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo hana, isipokuwa mtu alimlipia. Niliwapigia simu wengi wenu wiki ile. Jibu lilikuwa moja: nilidungwa ya kwanza chuoni, ya pili sikumbuki. Chanjo ni sindano tatu, ya mwisho miezi sita baada ya ya kwanza, na nusu chanjo si kinga ya kutegemea.

Mnasema hiyo ni kazi ya mwajiri. Kweli kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai atulinde. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamhesabu hata mwanagenzi, na inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa serikali wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Lakini kamati ya usalama ni lazima kwa wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Maabara zetu nyingi zina watu watano, mmoja wao shemeji ya mwenye mali anayekaa kwenye pesa. Mwajiri huyo nilimwandikia barua mbili. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili aliijibu kwa kumpunguzia binti wa watu zamu.

Inasemwa nilivunja katiba. Kifungu cha 14 kinasema mfuko ni wa "maafa yanayompata mwanachama". Mhazini aliyestaafu anashikilia kwamba maafa ni msiba. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko yeye, na neno kifo halimo. Inasemwa pia sikuitisha mkutano maalumu. Niliitisha tarehe 4 Mei, mkaja 8. Kamati ikapiga kura, 5 kwa 2, na hao wawili wako hapa, wana midomo yao.

Tulichanja watu 38, kila sindano shilingi 950. Kati yao 17 tu ndio waliokuwa wamelipa ada, na hapo ndipo kelele zilipoanzia. Mlitaka nisimame mlangoni na daftari, nimwambie mwenye deni arudi kwenye damu bila kinga? Binti huyo mwenyewe alikuwa na deni la miezi saba. Na niseme hili kabla halijasemwa: ndiyo, mke wangu alichanjwa. Ni mwanachama tangu 2016, ada amelipa, na yuko kwenye benchi la kupimia makohozi kila siku ya Mungu. Waliomaliza zote tatu ni 31. Saba hawakurudi Novemba. Dozi zao zinatunzwa kwenye friji ya duka la dawa, na simu zangu hawapokei.

Hesabu kwa ufupi. Mfuko wa maafa ulianza na 241,700. Chanjo 108,300, rambirambi 60,000, michango mipya 22,500, leo kuna 95,900. Ada ni 2,400 kwa mwaka. Waliomaliza ni 51, yaani 122,400, na zote zimeishia kwenye ukumbi, mafunzo, fulana na usafiri. Wengine 75 wanadaiwa jumla ya 163,200. Hilo deni lingelipwa, chanjo ingerudishwa na chenji ibaki.

Mwaka ujao, tukijaliwa, tungependa waliochanjwa wapimwe kingamwili, kwani kipimo kikisoma chini ya 10 ni kama hujachanjwa. Tunatarajia pia kuwaandikia waajiri kuhusu wenzetu wanaopima tishu, wanaotokwa machozi kwa formalini, dawa ya kuhifadhia tishu hizo, katika vyumba visivyo na dirisha, na kuhusu posho ya hatari. Kamati ndogo itaundwa. Nani atakaa humo, tutaona.

Kuna hoja kwamba nirudishe pesa hizo kutoka mfukoni mwangu. Ipo kwenye ajenda ya tano, na kura itapigwa na waliolipa ada pekee, kama katiba isemavyo. Stakabadhi zote za chanjo ziko kwa katibu, kwenye bahasha ya kahawia. Mhazini yuko pale karibu na birika la chai, anapokea ada hata sasa.