Leza haijaifukuza futikamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vipimo vya leza, yaani vifaa vidogo vinavyopima urefu kwa mwale wa mwanga, ambavyo baadhi ya mafundi wetu hapa Unguja wanavitumia badala ya futikamba. Sina ugomvi navyo: ndani ya nyumba za Mji Mkongwe, ambako dari ziko juu sana, mtu mmoja hupima chumba kizima bila ya kumwita msaidizi wa kushika ncha ya pili, na kwa kifaa kizuri hitilafu huwa ni milimita 2 hivi.

Shida huanza kwenye kuta zenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazikunyooka, na leza hupima ile nukta inayoiangukia tu; fundi akipima pahala pamoja kisha akenda kukata mbao za kabati, asistaajabu kabati likigoma kuingia. Apime chini, katikati na juu, kisha ashike kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Aangalie pia kama kifaa kimewekwa kuhesabu kuanzia kitako au kuanzia mbele, kwani kosa hilo peke yake huongeza au hupunguza kipimo kwa urefu wa kifaa chenyewe.

Nje, kwenye jua letu la saa sita, nukta nyekundu haionekani. Kwa kupima kiwanja au kuweka msingi, futikamba ndefu bado ina kazi yake, pamoja na kamba na vigingi. Na watoto wasiachiwe kukichezea kifaa hiki, maana mwale ule si wa kumulikana machoni.

Msomaji wako,
Mjini Unguja