Stata usinunue kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Boti imegoma kuwaka, ukigeuza ufunguo unasikia "ta!" moja halafu kimya, na wewe umeshaanza kutafuta stata mpya, ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka. Nakuomba uirudishe hiyo pesa mfukoni kwa siku mbili tatu. Ile boti naijua kuliko mtu yeyote, na mlio huo unatuambia mengi.

Kama pangekuwa kimya kabisa, ningekuambia uangalie swichi kuu ya betri, fyuzi, na ile swichi ndogo ya gia inayozuia stata mpaka mkono wa gia uwe katikati. Lakini soleneidi, ile swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata, imelia. Maana yake ule umeme mdogo unaotoka kwenye ufunguo umefika. (Hakikisha tu mlio unatoka kwenye injini kweli, si nyuma ya dashibodi.) Kilichokwama, karibu hakika, ni ule umeme mkubwa unaopita kwenye nyaya nene. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, hapo betri imechoka, au kuna kiungo kibovu kinachofanya volti zianguke kila soleneidi inapovuta.

Kabla hujagusa kitu, fungua kifuniko cha injini unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kabisa ya boti, na cheche moja inatosha kuulipua. Washa feni ya kutoa mvuke dakika nne nzima. Ukisikia harufu hata kidogo, acha kazi yote ya umeme utafute petroli inavuja wapi. Na usiunganishe soleneidi kwa bisibisi kama wanavyofanya watu wenye haraka. Hilo nakukataza kama baba yako.

Sasa chukua mita ya kupimia volti. Betri ikiwa imetulia saa kadhaa bila chaja, isome: volti 12.6 au zaidi ni imejaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 ni ya kuchajiwa kwanza. Lakini namba hiyo isikuridhishe, maana betri iliyokufa inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imelala. Mwombe mtu ageuze ufunguo huku ukisoma. Gusisha ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibanio vya nyaya. Zikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu, au stata inavuta umeme kupita kiasi kwa sababu injini imekaza. Katika hali hiyo, zima swichi kuu ya betri, kisha zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, isije ikawa maji yameingia kwenye silinda. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Lakini volti zikibaki juu ya 12 huku soleneidi ikilia, betri haijaombwa kitu chochote. Njia imekatika mahali.

Hapo ndipo nilipopotea mimi. Mwaka wa kwanza wa boti ile nilibadilisha betri, ikagoma. Nikabadilisha stata, ikagoma tena. Waya wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye injini nilikuwa nimeupima bila mzigo, yaani stata ikiwa haivuti umeme, na mita ikasema mzima. Nilipokuja kuupasua ganda, ndani nilikuta unga wa kijani na nyuzi chache tu za shaba zilizobaki. Nyuzi hizo ziliweza kupitisha umeme kidogo wa mita, lakini stata inataka ampea 150 na zaidi. Kizuizi cha omu 0.01 tu, kwa ampea hizo, kinameza volti 1.5. Nilijilaumu sana kwa pesa ile, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Kwa hiyo pima waya ukiwa kazini. Ncha moja ya mita iwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo ugeuzwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeupata ugonjwa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya soleneidi, na usisahau swichi kuu iliyo katikati, kwani nayo huungua ndani. Kisha pima kati ya boliti mbili nene za soleneidi yenyewe wakati inalia. Mita ikionyesha karibu volti zote 12, vigusio vyake vya ndani vimeungua, ubadilishe soleneidi tu. Volti zikifika kwenye stata kwa ukamilifu, upande wa hasi ukiwa safi na injini ikiwa inazunguka kwa mkono, hapo ndipo stata ina kosa, pengine brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake, zimeisha.

Ukifungua nyaya, anza na hasi, na ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Ukilazimika kuweka waya mpya, chukua wa shaba iliyopakwa bati, usiwe mwembamba kuliko ule wa zamani. Na ikithibitika kuwa ni stata, nunua ya boti. Ya gari hufanana nayo kwa sura, lakini haikuzibwa cheche zisitoke.

Andika kila namba unayosoma, na mahali ulipogusisha ncha, unitumie kabla ya kufungua chochote. Mimi naanza kuushuku ule waya wa hasi. Niliuweka mwenyewe, na sasa ni mzee.

Baba yako